Baada ya Exetat, wenzetu wenye ulemavu wanaenda wapi?



Kila mwaka, matokeo ya Exetat yakitoka, miji yetu inabadilika sura. Pudra inamwagwa ku vichwa, mamotari wanapiga honi, majirani wanaingia ku nyumba kushangilia mtoto. Mu zile siku inchi yote inajua nani amepata na amepata asilimia ngapi. Juma inayofuata, hesabu imekwisha. Hakuna mtu wa Leta anayerudi nyuma ya mwaka moja kuuliza: wewe uliyepata diploma, uko wapi leo? Na wewe uliyekosa, ulienda wapi?

Sisi tunaoandika hapa tunaijua hii kimya. Tulimaliza sekondari, tukamaliza iniversite, na leo wengi wetu tuko ku nyumba, diploma mbili ndani ya farde. Hakuna ofisi hata moja iliyotuuliza tunafanya nini. Lakini leo hatuandiki ju yetu. Tunaandika ju ya wenzetu ambao hii kimya inawapiga mara mbili: wale waliosoma na ulemavu. Mwenye kutembea na mikongojo. Asiyeona. Asiyesikia. Mwenye ualbino ambaye haoni vizuri maandishi ya ubao. Mwenye kuchelewa kufahamu. Aliyepigwa risasi akingali mtoto. Walikuwa wachache mu kalasi zetu, lakini walikuwa. Walikaa ku benchi moja na sisi, walinakili daftari zetu, na sisi tulinakili zao. Leo wako wapi?

Hatujaona ripoti hata moja ya Leta inayojibu hilo swali. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kila mwanafunzi mwenye ulemavu anayetoka ku masomo ya sekondari, akiwa na diploma ao bila diploma, aulizwe nyuma ya mwaka moja yuko wapi na anafanya nini. Na majibu yatangazwe, provense kwa provense, bila majina ya watu.

Wengine watasema hilo ni jambo dogo. Sisi tunasema ni mwanzo wa yote.

Tunachokiona barabarani si hesabu

Ukiuliza mtu wa Goma watu wenye ulemavu wanafanya kazi gani, atakujibu mara moja: enda ku Petite Barrière. Kweli, pale tunawaona na baiskeli zao za magurudumu tatu, zimejaa bidhaa, watu wawili watatu wanasukuma kwa nyuma. Ukiuliza mtu wa Kinshasa, atakuambia enda ku Beach Ngobila, fasi meli za Brazzaville zinafika. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wenye ulemavu walikuwa wanapunguziwa malipo pale ya kuvuka mto, na wengi waliingia mu ile biashara, mpaka ikajulikana kama kazi yao.

Tuangalie vizuri hiyo mifano. Hakuna mtu anayezaliwa akitaka kuwa mchuuzi wa mpaka kwa sababu mguu wake haufanye kazi. Watu walienda kule kwa sababu kule mlango ulikuwa wazi kidogo. Hiyo inaonyesha kwamba Leta ikifungua mlango moja, watu wenye ulemavu hawakai. Wanapita, tena kwa nguvu. Basi swali ni hili: milango mingine iko wazi? Mlango wa ofisi, wa iniversite, wa hospitali, wa banki, wa kalasi fasi mtu anaweza kufundisha?

Kuna sura mbili tu ambazo inchi yetu inazijua. Ya kwanza ni yule anayeomba ku rond-point. Ya pili ni shujaa, kama wanamuziki wa Staff Benda Bilili wa Kinshasa, ambao wengi wao waliugua polio utotoni, wakacheza muziki mbele ya dunia nzima, na filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes mu mwaka 2010. Tunawapigia makofi, wanastahili. Lakini kati ya mwombaji na shujaa kuna watu wa kawaida: aliyepata asilimia 54 mu pedagojia, aliyesoma komersiali akataka kuwa mhasibu, msichana aliyesoma kushona akakosa mashine. Hao hawaonekane barabarani wala ku televisheni. Wengine wako mu chumba cha nyuma, ku nyumba ya wazazi. Na mtu aliye mu chumba cha nyuma hahesabiwe kwa macho.

Sheria tuko nazo

Hatuombe zawadi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa njia za pekee kulingana na mahitaji yake, na kwamba Leta ina wajibu wa kusukuma mbele uwepo wake mu taasisi za inchi, za provense na za mahali. Mu mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 24 cha ule mkataba kinazungumzia masomo. Kifungu cha 31 ni kifupi na watu wengi hawakisome: kinasema kila inchi iliyokubali mkataba lazima ikusanye habari na takwimu, izitumie kutunga siasa yake, na kuzitangaza kwa namna watu wenye ulemavu wenyewe wanaweza kuzipata.

Mu mwaka 2019 serikali ikaweka waziri mjumbe wa watu wenye ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria kamili, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki zao. Kwa hiyo karatasi ziko. Lakini sheria bila hesabu ni sawa na mwalimu anayefundisha mwaka mzima pasipo kusahihisha kazi hata moja. Atajuaje kama wanafunzi wamefahamu?

Na tukumbuke tuko mu inchi ambayo haijahesabu raia wake tangu 1984. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mtu 1 kwa 6 duniani, ni kusema asilimia 16, anaishi na ulemavu mkubwa. Hapa kwetu tuongeze polio ya zamani, konzo ya muhogo mchungu kule Kwango na Kwilu, na masasi ya Kivu na Ituri. Halafu mtu anatuambia hao wanafunzi ni wachache, hakuna haja ya kuwafuata. Ameambiwa na nani kama ni wachache?

Wengine wanafanyaje: mfano wa Marekani

Hatusemi Marekani ni paradizo. Hata kule mtu mwenye ulemavu anakosa kazi kuliko wengine. Lakini kuna jambo moja wamelifanya ambalo linatufundisha.

Mu 1975 Bunge lao lilipitisha sheria inayolazimisha masomo ya serikali kupokea watoto wenye ulemavu. Watoto wakaingia. Mu miaka ya 1980, wakati wengi wao walianza kutoka, watafiti waliwafuata ku manyumba, wakakuta wengi wamekaa, hakuna kazi, hakuna masomo mengine. Kumbe kuingia mu kalasi haikutosha. Ile hesabu ilisaidia kubadilisha sheria yenyewe. Mu 1990 iliongezwa kwamba mwanafunzi mwenye ulemavu asingojee kumaliza ndiyo waanze kufikiri. Akifika miaka 16, yeye mwenyewe, wazazi na walimu wakae, waandike mpango: akitoka hapa ataenda wapi, na kwa msaada gani.

Baadaye walifanya uchunguzi mkubwa. Vijana zaidi ya 11.000 wenye ulemavu, waliokuwa na miaka kati ya 13 na 16 mu mwaka 2000, walifuatwa karibu miaka kumi. Iligunduliwa kwamba ndani ya miaka 8 nyuma ya kutoka sekondari, karibu 60 kwa 100 walikuwa wamejaribu masomo ya juu ya aina moja ao ingine. Si wote walimaliza. Lakini mzazi mwenye mtoto asiyesikia akisoma namba kama ile, hawezi tena kuambiwa kwamba mtoto wake hawezi kusoma mbele.

Na tangu sheria yao ya 2004, kila jimbo la Marekani linatoa ripoti ku serikali kuu: wanafunzi wenye ulemavu waliotoka sekondari, ndani ya mwaka moja, wangapi waliingia masomo ya juu, wangapi wako na kazi ya kweli, wangapi wako mu mafunzo mengine ao kazi ya aina ingine. Wanaobaki ni wale wasiokuwa na kitu. Tumeona mambo matatu mu ule utaratibu ambayo tunataka yaingie hapa kwetu.

La kwanza: hawahesabu tu waliopata diploma. Wanahesabu wote waliotoka, hata aliyeacha njiani. Hapa kwetu hilo ni la lazima, ju wengi wa wenzetu hawakufika ku Exetat. Waliacha mu kalasi ya tatu ao ya nne ya humanité: minerval ilikosekana na mzazi akachagua kulipia mtoto mwengine, ama masomo yalikuwa ngazi ya pili na hakukuwa njia ya kupanda.

La pili: walisema wazi kazi ni nini. Kwao, kazi ya kweli ni ile inayolipwa angalau mshahara wa chini wa sheria, fasi moja na watu wasio na ulemavu, masaa 20 kwa juma, kwa siku 90 angalau. Hapa kwetu hicho kipimo hakiwezi kuingia vile kilivyo. Sisi wenyewe tunauza unite, tunatengeneza simu, tunafanya sekretaria ya barabarani, na hatujui kama tuseme tuko na kazi ao hapana. Lakini lazima tuwe na kipimo chetu, ju bila kipimo shefu moja ataandika kwamba mtu anayeuza karanga mbele ya mlango wa baba yake ni mfanyabiashara, na namba itakuwa nzuri sana.

La tatu, waliligundua kwa uchungu: watu wasiojibu simu ndio mara nyingi wale walio na hali mbaya zaidi. Aliyefaulu anajibu kwa furaha. Aliyeacha masomo amebadilisha namba, amehama, ao hana simu. Kwa hiyo wasiojibu watafutwe, wasifutwe.

Hapa kwetu inawezekana

Tunajua jibu la kwanza litakuwa: hiyo ni mambo ya Wazungu, sisi hatuna njia. Si kweli. Inchi yetu inajua kufuata mwanafunzi ikitaka.

Chukua buletini yako ya zamani. Juu kuna kasanduku imeandikwa N° PERM. Ni namba ya kudumu ya mwanafunzi, na kuna idara nzima ya Leta, SERNIE, iliyoundwa kwa kazi ya kutambulisha wanafunzi. Chukua Exetat: kila finalisti ana kode yake, na kwa hiyo kode matokeo yanafika ku simu kwa mesaje, hata kijijini. Kila mwaka prefe anajaza formulere ya takwimu ya masomo yake na kuipeleka ku sous-proved. Hata mu miaka ya vita, Leta imekuwa ikipanga Exetat, makaratasi yanasafirishwa, wainspekta wanafika. Basi inchi inayoweza kupeleka matokeo ku simu ya kila finalisti haiwezi kutuma swali moja ku simu ileile nyuma ya mwaka moja?

Tunaona kazi yenyewe hivi.

Mu mwaka wa mwisho, ama siku mtoto anapoacha masomo, sekretari anaandika namba tatu za simu: ya mwanafunzi, ya mzazi, na ya mtu moja asiyehama upesi, kama shefu wa nyumba kumi, pasta, padri ao imamu. Namba moja haitoshi. Sisi tunaoishi na vita na volkano tunajua watu wanavyohama ndani ya usiku moja.

Ili kujua nani ana ulemavu, asiulizwe "wewe ni kilema?" Hilo swali linaleta haya, na watu wanakataa. Kuna maswali sita yanayotumika mu inchi nyingi: una shida ya kuona hata ukivaa miwani? ya kusikia? ya kutembea ao kupanda ngazi? ya kukumbuka ao kutuliza akili? ya kujiosha na kujivalisha? ya kuelewana na wengine ukiongea? Mtu anajibu: hapana, kidogo, sana, siwezi kabisa. Dakika tano. Na yanashika hata wale ambao masomo haikuwahi kuwaona, kama yule mtoto aliyeitwa mpumbavu miaka sita kumbe alikuwa hasikii vizuri.

Nyuma ya mwaka moja, mtu anapiga simu. Maswali matatu: unasoma? unafanya kazi ama unajifunza kazi? na kama hapana, nini ilikuzuia? Lile la tatu ndilo kubwa. Majibu ya mbili za kwanza ni namba, jibu la tatu ndilo linaonyesha nini cha kutengeneza.

Asiulizwe baba, aulizwe mwenyewe. Asiyesikia hapigiwe simu ya sauti, anatumiwa mesaje, ama anapigiwa video na mtu anayejua lugha ya alama. Ukimuuliza kiziwi kupitia mjomba wake, utapata maisha ambayo mjomba anayataka. Na majibu yatenganishwe, wasichana na wavulana, ju tunafahamu vile familia nyingi zinavyomficha binti mwenye ulemavu kuliko kaka yake.

Hizo namba zitasaidia nini?

Tuseme iligunduliwa kwamba karibu wote wasioona waliopata diploma waliingia masomo yaleyale, ju ni kule tu walipata mtu wa kuwasomea vitabu. Basi tatizo ni vitabu vya braille na vya sauti, na dawa inajulikana. Tuseme iligunduliwa kwamba wasiosikia wanaingia iniversite na kuacha kabla ya mwaka wa pili. Basi tatizo si akili yao, ni auditware ya watu mia tano pasipo mkalimani. Tuseme waliopita INPP wanapata kazi kuliko wengine. Basi nafasi ziongezwe kule na njia ya kuingia itengenezwe. Tuseme kuna territware fasi hakuna hata moja aliyefika ku Exetat kwa miaka mitano. Basi gavana na Proved wa kule wajibu mbele ya wanainchi.

Bila namba, hakuna wa kujibu. Kila mradi unahesabu watoto walioingia, unapiga picha ya ufunguzi, unafungwa kabla ya kuona waliotoka. Vituo kama Heri Kwetu cha Bukavu, pamoja na masomo ya viziwi na ya vipofu mu inchi, vinabeba watoto kwa miaka, halafu mtoto anatoka na kuingia mu inchi ambayo haimungojei. Wale walimu wanastahili kujua kazi yao ilizaa nini. Na mtoto aliye leo mu kalasi ya kwanza anastahili kujua waliomtangulia walifika wapi.

Tunawajibu wanaopinga

"Hata wazima hawana kazi." Ni kweli, sisi ni mashahidi. Lakini kukosa kazi kwa wote hakufanane. Sisi dosie yetu inasomwa kisha inatupwa. Mwenzetu anayeingia na mikongojo, mara nyingi dosie haifunguliwe hata. Kama njaa ni ya wote, tunataka kujua nani anakula mwisho na kwa sababu gani. Na tena, Leta ikijifunza kuwafuata hao, haitakuwa na kisingizio cha kutotufuata sisi.

"Inchi iko mu vita." Vita ndiyo inazaa ulemavu. Kusema tungoje amani ndipo tuhesabu, ni kusema waliokatwa miguu leo wangoje bila jina.

"Hakuna makuta." Hii kazi ni simu na watu wa kupiga simu. Mashomeri wenye diploma wako mu kila kartye, na kati yao kuna wenye ulemavu wenyewe, ambao wangeifanya kuliko mtu yeyote. Lakini tunasema wazi: isiwe sababu ya kuongeza frais ku mzazi. Wazazi wamelipa Exetat vya kutosha. Ikiwa kesho tunaona ku liste ya malipo "frais ya ufuatiliaji wa walemavu", sisi ndio watu wa kwanza tutaingia barabarani.

"Liste ya watu wenye ulemavu ni hatari." Hapo tunakubali. Mu inchi yetu liste zinauzwa, zinatumika kuombea makuta, zinatumika mu kampeni ya uchaguzi. Ndiyo maana tunadai majina yasitangazwe kamwe, mtu awe na haki ya kukataa kujibu, na vyama vya watu wenye ulemavu vikae mu komite inayolinda hizo habari. Siyo waalikwe siku ya karamu tu.

Tunayodai

1. Wizara ya Elimu ya Taifa na waziri anayehusika na watu wenye ulemavu waandike agizo moja la pamoja: wanafunzi wenye ulemavu wanaotoka sekondari wafuatwe, wenye diploma na wasio na diploma.

2. Maswali sita ya ulemavu yaingie mu karatasi za kila masomo ya sekondari, ya Leta, ya dini na ya watu binafsi, na wakurugenzi wafundishwe namna ya kuyauliza bila kuleta haya.

3. Kila Proved atangaze mara moja kwa mwaka, ku radio na ku ubao wa ofisi, hesabu ya provense yake: waliotoka, wanaosoma, wanaofanya kazi, waliokaa, wasiopatikana. Wasiopatikana wasifichwe.

4. Mwanafunzi mwenye ulemavu akiingia mu kalasi ya tatu ya humanité, masomo ikae naye na wazazi kuandika atakakokwenda baadaye. Isingojee mwezi wa Exetat.

5. ONEM na INPP wapewe hizo hesabu na waseme wanazifanyia nini.

6. Kazi ya kupiga simu na kutembelea manyumba ipewe vijana wenye diploma, na wenye ulemavu wawekwe mbele.

Na sisi tufanye nini?

Hatungojee Kinshasa. Kila mmoja wetu aliyesoma sekondari anakumbuka angalau mwenzake moja mwenye ulemavu. Jina unalo, kartye unaijua. Mutafute. Usiende na kamera, usiweke picha yake ku Facebook, usimwahidi kitu usicho nacho. Enda kama mtu aliyesoma naye. Umuulize yale maswali matatu, na usikilize jibu la tatu mpaka mwisho. Akikubali, utuletee majibu bila jina lake: masomo ya aina gani, mwaka gani alitoka, yuko wapi leo, nini ilimzuia.

Hiyo haitakuwa takwimu ya inchi. Sisi si Leta na hatutaki kujifanya Leta. Lakini tutakuwa na majibu ya mji wetu, na tutayapeleka kwa mkono ku ofisi ya Proved, pamoja na ile orodha ya madai sita, tupate akuze ya kupokea. Tukipewa akuze tutaiweka hapa, kila mtu aone tarehe. Tusipojibiwa nyuma ya siku 30, tutarudi, tena tutakuwa wengi, na wenzetu wenye ulemavu watakuwa mbele, si nyuma.

Kazi inaanza juma hii. Mutafute mwenzako.